Paa halivuji, lakini dari inadondosha maji asubuhi

Swali: Shikamoo injinia. Nyumba yetu mpya iko Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, tumehamia mwezi wa pili mwaka huu. Ina paa la kuficha, yaani bati limezungushiwa ukuta lisionekane, na dari ya jipsamu. Masika yote hatukuona hata tone. Ajabu ni kwamba tangu Juni, wakati mvua hakuna, dari ya koridoo na ya chumba cha watoto inadondosha maji kila asubuhi kuanzia saa mbili hivi, na ikifika saa nne imeacha. Fundi amepanda mara tatu, amepaka silikoni kila msumari na kubadilisha bati mbili, lakini hali ni ile ile. Kona ya chumba cha watoto, nyuma ya kabati, imeota fangasi nyeusi, na mtoto wa mwisho anakohoa usiku. Muuza vifaa mmoja ametushauri tutandaze nailoni juu ya dari nzima. Mume wangu anataka tung'oe bati zote. Tuanzie wapi? Nakutumia na picha tatu.

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa mtoto. Msing'oe bati, na hiyo nailoni msiinunue. Paa linalovuja hungojea mvua, nanyi mmepita masika yote, Machi mpaka Mei, bila tone. Maji yanayowadondokea ni ya kwenu wenyewe. Yametoka jikoni, bafuni, kwenye nguo zilizoanikwa ndani na kwenye pumzi za watoto waliolala. Yakapanda juu ya dari yakiwa mvuke, yakakuta bati limepoa, yakageuka tena kuwa maji.

Sitaki mniamini hivi hivi. Chagueni asubuhi inayofuata usiku wa nyota, usiku usio na mawingu. Saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapiga paa, baba yao aweke ngazi kwenye mlango wa dari, apande na tochi na amulike upande wa chini wa bati. Niliwahi kupanda hivyo kwenye nyumba moja ya Kibosho, upande wa Moshi, ambayo mwenyewe alikuwa ameshalipa mafundi wawili wa kuziba. Bati zote zilikuwa zimeota matone madogo madogo kama jasho la mtu anayelima. Kila ncha ya msumari ilikuwa na tone lake, na kuzunguka kila msumari ubao ulikuwa na alama nyeusi ya kutu. Nilipopitisha kidole kwenye bati, matone yakakimbiliana, yakashuka kwenye mkunjo mpaka kwenye kenchi. Chini ndani ya nyumba kulikuwa kukavu kabisa. Nikakaa pale juu nikisubiri. Jua lilipofika, bati zikaanza kulia, ta, ta, kwa kutanuka, na matone yakaachia karibu yote kwa mara moja. Mvua ikanyesha juu ya dari, nje mbingu ikiwa nyeupe. Ndiyo hiyo saa mbili yenu.

Mnaweza kujiuliza bati linapoaje kuliko hewa yenyewe. Angalieni gari lililolala nje. Usiku wa nyota huamka limelowa umande hata kama hakuna ukungu, kwa sababu chuma chembamba kinachotazama anga tupu hutoa joto lake kwenda juu na hakuna cha kulirudisha. Mawingu yakiwepo, yanalirudisha kiasi. Kwa hiyo bati linaweza kushuka nyuzi tano hivi chini ya joto la hewa ya usiku. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, nanyi wa Ngaramtoni mko juu zaidi. Julai hewa ikishuka hadi nyuzi 12, bati lenyewe linaweza kuwa na nyuzi saba au nane. Hewa ya chumbani yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa maji inapogusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 14 na nusu hivi. Umeona pengo hilo. Ikishafika kwenye bati, lazima idondoshe.

Swali linalobaki ni imefikaje kule juu wakati kuna dari.

Hapa ndipo mafundi wengi, na muuza vifaa wenu pia, wanapokosea. Wanadhani mvuke unapenya jipsamu kama maji yanavyopenya kitambaa. Unapenya kweli, lakini kidogo sana. Mzigo mkubwa hubebwa na hewa inayopita kwenye matundu. Kanada waliligundua hili kwa machungu, kwa sababu kule nyumba hupashwa moto ndani wakati nje ni barafu, na kosa dogo la tundu huozesha ukuta mzima. Walichojifunza ni kwamba tundu dogo tu ambalo hewa inapita hupitisha mvuke mara nyingi kuliko bodi nzima ya jipsamu isiyo na tundu. Ndiyo maana siku hizi kwenye nchi za baridi nyumba mpya hufungiwa feni kubwa mlangoni, tofauti ya shinikizo la hewa kati ya ndani na nje inawekwa kwenye paskali 50 (paskali ni kipimo cha shinikizo), na hewa inayovuja inapimwa kabla watu hawajahamia.

Nyumba yenu usiku inavuta pumzi. Hewa ya ndani ina joto, ni nyepesi, inapanda na kutafuta pa kutokea juu. Ya baridi inaingia chini ya milango kuchukua nafasi yake. Mchezo huo unaendelea usiku kucha bila feni yoyote. Sasa hesabuni matundu ya dari yenu. Nimezitazama picha. Koridoo pekee ina taa sita za kuzama, na kila moja imekatiwa duara kubwa kuliko taa yenyewe. Mlango wa dari ni kipande cha bodi kilicholazwa tu juu ya fremu. Na kuna tundu ambalo halionekani kwenye picha lakini nina hakika lipo, kwa sababu karibu kila nyumba ninayopanda nalikuta: fundi hupiga plasta ukuta mpaka usawa wa dari tu. Kutoka hapo kwenda juu ni tofali tupu na viungo vyenye nyufa, na kati ya bodi na ukuta kuna upenyo wa kidole uliofichwa na urembo wa pembeni. Mabomba ya nyaya za umeme nayo yanapanda kutoka kwenye swichi hadi juu ya dari yakiwa wazi mdomo, kama mirija.

Picha ya tatu ndiyo iliyonisikitisha. Feni ya bafuni haina bomba. Inafyonza mvuke wa maji ya moto na kuumwaga moja kwa moja juu ya dari, kwenye nafasi iliyofungwa pande zote na kuta za kuficha paa. Kila anayeoga anapeleka maji kwenye bati. Feni hiyo izimwe leo, dirisha la bafuni lifunguliwe, mpaka fundi aivutie bomba litoke nje ya ukuta.

Watu hushangaa nikiwatajia kiasi cha maji yanayozunguka ndani ya nyumba. Mtu aliyelala hutoa karibu gramu 40 za mvuke kwa saa, kwa hiyo watu sita kwa saa nane wanakaribia lita mbili. Gesi ya kupikia ikiungua hutengeneza maji: kila kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, kumaanisha mtungi wa kilo 15 ukiisha umeachia karibu lita 24 hewani, mbali na yale yaliyochemka sufuriani. Nguo zilizokamuliwa kwa mkono, ukizianika koridoo kwa sababu Julai jua halitoki, zinatoa lita kadhaa kwa usiku mmoja. Na ninyi mna jambo la ziada ambalo si kosa la mtu: nyumba yenu bado mbichi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji lita 25 hadi 30, na saruji yenyewe hufungamana na lita kama 12 tu. Mengi ya yaliyobaki lazima yakauke taratibu kutoka kwenye kuta, plasta na zege la sakafu, na hapo hesabu mifuko yote mliyotumia. Ndiyo maana mwaka wa kwanza huwa mbaya kuliko inayofuata.

Basi fanyeni kazi kwa mpangilio huu, na tafadhali msiuruke, kwa sababu hatua ya mwisho ikitangulia itaongeza tatizo.

Anzeni na mvuke wenyewe. Nguo zianikwe barazani hata zikichukua siku mbili. Jikoni dirisha liwe wazi wakati wa kupika, mlango wa kuingia ndani ufungwe, sufuria zifunikwe. Na asubuhi, watoto wakishaamka, fungueni madirisha ya mbele na ya nyuma kwa robo saa hewa ipite. Najua mtasema nje kuna ukungu, hewa imelowa, tutaleta unyevu zaidi. Kila mtu huniambia hivyo, na inaonekana ni akili, lakini hesabu inakataa. Hewa ya ukungu ya nyuzi 13, hata ikiwa imeshiba kabisa, ina gramu 11 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya chumba cha watoto alfajiri, nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 85, ina karibu gramu 15. Ikiingia ile ya nje na kupata joto la ndani, unyevu wake unashuka hadi asilimia 65 hivi. Ule ukungu unaouona dirishani ni mkavu kuliko hewa wanayoamkia wanao.

Nunueni kipimo kidogo cha unyevu, vile vya betri vyenye namba, mkiweke chumba cha watoto mbali na dirisha. Andikeni asubuhi na jioni. Mkiweza kubaki chini ya asilimia 65 asubuhi, mmefanya kazi kubwa bila kugusa paa.

Hatua ya pili ni kuziba dari, kwa upande wa juu. Kwanza tafuteni matundu. Usiku, washeni taa zote za vyumbani, baba apande juu bila tochi na atulie mpaka macho yazoee giza. Kila mahali atakapoona mwanga unapanda, hewa nayo inapanda. Kisha chukua kijiti cha udi, kiwashe, kipitishe taratibu chini ya dari kwenye kingo, kwenye taa na kwenye mlango wa dari. Moshi ukinyooka juu na kumezwa, weka alama ya penseli. Nyumba moja ya Njiro niliyofanya hivyo, moshi ulizama kwenye swichi ya ukutani, mita moja na robo kutoka sakafuni. Tulifuata bomba lake juu tukalikuta wazi.

Upenyo kati ya ukuta na bodi ujazwe kwa silikoni au kwa povu la kujazia, na tofali tupu lililo juu ya dari lipigwe plasta nyembamba, hata isiyo na umaridadi. Hakuna atakayeiona, lakini ndiyo itakayofanya kazi. Midomo ya mabomba ya nyaya izibwe kwa silikoni baada ya umeme kuzimwa. Mlango wa dari uwekewe mpira wa kuzunguka fremu, ule wanaouza kwa ajili ya milango, na vishikizo viwili vya kuukaza. Taa za kuzama, kama ni za LED, zibadilishwe kwa zile za kubandikwa juu ya bodi, tundu likazibwa kabisa. Kama bado mna zile za zamani zinazowaka moto, msizifunike na povu wala pamba hata siku moja, zitaunguza nyumba, ziondoeni.

Kuhusu nailoni. Huo ushauri unatoka kwenye vitabu vya nchi ambazo miezi mingi ndani ni moto na nje ni barafu. Hata kule inafanya kazi ikiwa tu imeungwa na kuzibwa kila ukingo. Mkiitandaza juu ya dari yenu, matundu yatabaki, maji ya kwenye bati yataangukia nailoni badala ya bodi, yatajikusanya mahali pamoja, na siku moja bodi itashuka na dimbwi lake. Na usimwelekeze ndugu yako wa Dar es Salaam afanye hivyo pia. Kule kwenye kiyoyozi mvuke unatembea kinyume, kutoka nje kwenye joto kuja ndani kwenye ubaridi, na nailoni ya upande wa ndani huozesha ukuta nyuma yake.

Hatua ya tatu, baada ya kuziba, ni kuipa hewa nafasi ya juu ya dari. Mababu wa Kichaga hawakuhitaji kufundishwa hili: paa la nyasi lilipumua lenyewe, na moto wa mafiga katikati ya nyumba ulilikausha kila siku. Bati halipumui. Nyumba zenye paa la kawaida angalau zina upenyo chini ya vipaa vya nje, lakini paa la kuficha limezungushiwa ukuta kila upande, na mvuke ukishaingia hauna njia. Tobolewe matundu kwenye kuta zinazotazamana, upande wa chini na wa juu wa mteremko, juu ya kiwango ambacho maji ya mtaro wa ndani yanaweza kufika hata mvua kubwa ikinyesha. Yawe na mteremko wa kutokea nje, kofia ya kuzuia mvua ya upepo, na wavu imara, maana popo wa Arusha hawasubiri mwaliko. Kanuni moja inayotumika Marekani ni eneo la dari kugawanywa kwa 150. Kama dari yenu ni ya mita za mraba 120, inahitaji jumla ya mita za mraba 0.8, yaani matundu kama tisa ya sentimeta 30 kwa 30, na mkiongeza mawili kufidia wavu ni vizuri.

Nilisema msiruke hatua kwa sababu hii: mkifungua juu kabla ya kuziba dari, upepo utafyonza hewa ya vyumbani kwa nguvu zaidi, na mtanyweshea bati mvuke mwingi kuliko sasa. Nimeona nyumba iliyofanyiwa hivyo, na mwenye nyumba akasema matundu hayafai. Yanafaa, yalitangulia tu.

Nisikudanganye kwamba bati halitalowa tena kamwe. Usiku wa nyota hata hewa ya nje itaacha umande kidogo upande wa chini. Tofauti ni kwamba utakuwa utando mwembamba usiofikia kudondoka, na saa tano asubuhi upepo utakuwa umeukausha. Kwa anayesoma hapa na bado hajapaua, gharama nafuu ni kuweka karatasi maalumu ya chini ya bati, ilegee kidogo kati ya mbao na iishie kwenye mtaro, ili tone linaloanguka litoke nje. Kwenu ninyi haina haja ya kung'oa kwa ajili hiyo.

Baba akiwa juu, achome kenchi kwa ncha ya kisu sehemu zile zenye weusi, hasa karibu na misumari. Ncha ikigoma, mbao ni nzima na zitakauka. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, mwiteni fundi seremala kabla ya vuli, kwa sababu ubao huo hautasubiri.

Jambo moja naliandika kwa uzito. Wengi wakishaziba upepo, wakati wa baridi huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa hautoi mvuke mwingi, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia hulala zisiamke. Ngaramtoni kuna baridi, naelewa, lakini chumba cha watoto kisiingie jiko lenye makaa, hata liwe la dakika tano, hata liwe limefifia.

Sasa ile kona. Umesema ni nyuma ya kabati. Nakisia ni ukuta wa nje wa upande wa kusini. Juni na Julai jua liko kaskazini yetu, ukuta wa kusini haupati mwale siku nzima, unabaki baridi, na kabati linaufungia hewa ya chumba isiufikie na kuupasha. Fangasi haihitaji maji yanayotiririka. Inatosha uso wa ukuta ukae na unyevu unaozidi asilimia 80 kwa siku kadhaa. Ili mjue kama maji yanatoka ndani ya ukuta au chumbani, kateni nailoni ya futi moja kila upande, muibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, muiache siku mbili. Ikilowa upande unaotazama chumba, ni mvuke wa chumbani. Ikilowa upande wa ukuta, ukuta wenyewe una maji, ama ya ujenzi ama yanayopanda kutoka msingini. Yanayopanda msingini hutambulika pia kwa unga mweupe wa chumvi na plasta inayobanduka karibu na sakafu, na hayo ni somo jingine, niandikie ukiyaona.

Kitanda cha mtoto kihamishwe leo kwenye ukuta wa ndani, na kikohozi kisipopungua apelekwe hospitali, msingoje dari ipone. Kabati lisogezwe sentimeta kumi kutoka ukutani. Fangasi isikwanguliwe ikiwa kavu, vumbi lake ndilo linalovutwa kifuani. Jifungeni kitambaa puani, muiloweshe kwanza, muifute kwa maji ya sabuni na kitambaa mtakachokitupa, dirisha likiwa wazi na watoto wakiwa nje. Rangi msipake sasa. Hasa rangi ya mafuta: itafungia maji ndani ya plasta na kubanduka kama ganda la kitunguu kabla ya Krismasi. Ngojeni Septemba, jua likirudi na kipimo kikionyesha chini ya 65 kwa wiki mbili mfululizo, ndipo mpake rangi ya maji ya kawaida.